Kuchagua bati ya kriketi Nairobi: gredi ya mwerebi inasema nini, na inanyamazia nini

Muuzaji akitaka kukuuzia bati ya bei, huanza kwa kuhesabu mistari. Huiinua kwenye mwanga wa mlangoni akapitisha ukucha usoni mwake: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. "Gredi wani hii, bosi. Uingereza kabisa." Nilihesabiwa hivyo miaka kadhaa iliyopita katika duka moja hapa mjini, nikalipa, nikatoka nimeipakata kama mtoto mchanga. Msimu haujaisha, ukingo wake ulikuwa ukibanduka kama ganda la kitunguu. Msimu uo huo mwenzangu kwenye timu alikuwa na bati yenye weusi wa kahawa upande mmoja mzima, gredi ya 3, aliyoipata kwa chini ya nusu ya pesa zangu. Mpira ulikuwa ukimtoka kwa mlio mkavu unaousikia hadi kwenye geti la uwanja.

(Naiita bati kama tunavyosema wachezaji. Ukitaka kumjua mchezaji na fundi wa paa, sikiliza ngeli tu: mmoja husema "bati yangu", mwingine "bati langu".)

Nililojifunza kwa hasara ile ni hili: gredi ni hukumu ya macho. Aliyeipanga aliutazama ubao, hakuupiga mpira. Kwa hiyo mwongozo huu utakufundisha kuisoma gredi vizuri, kisha utakufundisha kuiweka kando na kutumia sikio na mkono.

Mti wenyewe kwanza

Mti ni mwerebi, jina ambalo wasomaji wa Biblia wamekutana nalo kwa Isaya. Madukani utasikia wilo. Aina inayopendwa kwa bati ni Salix alba caerulea, na makao yake makuu ni ardhi yenye maji ya Essex na Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Hukua haraka, ukakatwa ukiwa na miaka 15 hadi 20 hivi. Gogo hukatwa vipande, vipande vikapasuliwa kwa kabari kufuata nyuzi za mbao, ncha zikapakwa nta zisipasuke, kisha vikaachwa vikauke.

Mbao ya mwerebi ni nyepesi na laini. Ukiichonga ukaichezea hivyo hivyo, mpira wa ngozi utaitoboatoboa siku ya kwanza. Ndiyo maana kabla ya kuchongwa hupitishwa kwenye mashine ya kushindilia, inayougandamiza uso wake uwe mgumu huku ndani kukibaki na uhai wa kuusukuma mpira. Ikishindiliwa mno, inakuwa kama ubao wa kukatia nyama. Ikishindiliwa kidogo, inabonyea. Bati hupata roho yake au kuipoteza kwenye mashine ile, na juu ya hilo gredi haina la kusema.

Hatua ya 1: Jiulize utachezea wapi, na mpira gani

Watu huliruka swali hili, kumbe ndilo linalookoa pesa nyingi kuliko yote.

Kama mchezo wako ni wa mpira wa tenisi uliofungwa tepu, kwenye maegesho ya magari au uwanja wa mtaa jioni, hauhitaji mwerebi wa Uingereza. Nunua wa Kashmir, kule kaskazini mwa Bara Hindi, mwepesi uwezavyo, na pesa iliyobaki nunua glavu. Mtoto anayeanza shuleni, anayechezea kwenye mkeka uliotandikwa juu ya saruji, pia Kashmir inamtosha: mkeka unakwangua ncha ya bati kila anapoiburuta akikimbia, na mwakani atakuwa amerefuka aihitaji nyingine.

Mwerebi wa Uingereza unaanza kuwa na maana pale unapocheza mpira wa ngozi kila wikendi, kwenye viwanja kama Gymkhana, Ruaraka, Sir Ali au Simba Union, dhidi ya warushaji wanaoleta mpira kwa kasi ya kweli. Hapo tofauti utaihisi mikononi.

Hatua ya 2: Tenganisha Uingereza na Kashmir

Mwerebi ulipelekwa Kashmir enzi za utawala wa Waingereza, na leo viwanda vya bati vimejipanga kando ya barabara kusini mwa Srinagar, maeneo ya Sangam na Bijbehara. Ni bati halali kabisa. Tatizo linakuja pale Kashmir inapouzwa kwa jina la Uingereza.

Angalia rangi. Mwerebi wa Uingereza ni mweupe wa malai; wa Kashmir unaelekea kahawia, na mistari yake mara nyingi haijitokezi sawasawa. Inua: kwa umbo lile lile, Kashmir huwa nzito zaidi, kwa sababu mbao yake ni kavu na imeshikana zaidi. Kisha geuza bati uangalie chini, kwenye ncha inayogusa ardhi. Mistari unayoiona usoni ni miaka ya mti, na lazima itokee pale chini pia, ikitoka usoni kuelekea mgongoni. Kuna bati ambazo mistari yake imechorwa au imeunguzwa juu juu ili ionekane. Uso una mistari kumi, ncha haina hata mmoja. Ukikuta hiyo, rudisha kwa upole, sema asante, ondoka.

Na uso ukiwa umefunikwa wote kwa karatasi nyeupe isiyoonyesha chochote? Si lazima iwe ulaghai. Gredi za chini za Uingereza hung'arishwa kwa dawa na kufunikwa hivyo makusudi, kuficha madoa. Ila bei iwe ya mbao iliyofunikwa. Usilipe bei ya urembo ambao hujauona.

Hatua ya 3: Soma gredi

Hakuna mamlaka duniani inayogawa gredi. Kila mtengenezaji ana jicho lake, hivyo gredi ya 2 ya huyu inaweza kuwa ya 1 kwa yule. Hata hivyo, kwa jumla mambo huenda hivi.

Gredi ya 1, na ile wanayoiandika kwa alama ya kujumlisha, ni mbao safi: mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini, kuanzia sita hivi kwenda juu, madoa machache au hakuna, na kama kuna wekundu ni kidogo pembeni. Gredi ya 2 ina wekundu zaidi upande mmoja au vidoa viwili vitatu, na mistari inaweza kupinda kidogo. Gredi ya 3 inaruhusu rangi ya kahawia karibu nusu ya uso na mistari isiyo na nidhamu. Gredi ya 4 ni iliyobaki, na ndiyo hufunikwa.

Sasa, huo wekundu ni nini? Ni kiini cha mti. Sehemu ya nje ya gogo, inayopitisha maji, ni nyeupe; ya ndani imekomaa na kushikana. Bati iliyochongwa kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili itakuwa na rangi mbili. Kiini ni kizito na kigumu kidogo, lakini hakiharibu mchezo. Kuna pia doa linaloitwa kipepeo, kwa sababu limetanda kama mabawa pande mbili za mstari. Wanunuzi wanaliogopa kama ugonjwa. Mimi nalipenda: mbao yenye kipepeo huwa ngumu kupasuka, na muuzaji anakupunguzia bei kwa kukufanyia hisani.

Kasoro ya kuogopwa ni nyingine. Kifundo, yaani pale tawi lilipoota, kikiwa usoni sehemu ya kupigia au kwenye ukingo, hapo ndipo ufa utakapoanzia. Kikiwa juu karibu na mabega au mgongoni mbali na kati, kiache.

Na hesabu ya mistari? Kila mstari ni mwaka mmoja. Mistari michache ina maana mti ulinenepa haraka. Mistari mingi, mti ulikua polepole. Wachezaji wengi, nami nimo, wameona kwamba bati ya mistari kumi na zaidi hufunguka mapema, inapiga vizuri tangu wiki ya kwanza, lakini huchoka mapema pia. Ya mistari sita hadi minane huchelewa kuamka, kisha hudumu. Ile ya kwangu iliyobanduka ilikuwa na kumi na mbili. Nilikuwa nimenunua uzee nikidhani nanunua ubora.

Hatua ya 4: Weka macho kando, sikiliza

Nenda dukani na mpira wa zamani wa ngozi, au omba nyundo ya mbao ya kulainishia bati; duka linalouza bati za mpira wa ngozi linapaswa kuwa nayo. Shika mpini kwa vidole viwili tu, bati ining'inie. Gonga kidogo kuanzia karibu na ncha, panda sentimita chache chache hadi karibu na kibandiko cha juu.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni namna mpira unavyorudi. Kwenye bati hai mpira unaruka wenyewe, kama umeudundisha kwenye ngoma iliyowambwa vizuri. Kwenye bati iliyokufa unaanguka. La pili ni eneo. Bati nyingine zina mahali pamoja pazuri penye upana wa yai, na kwingineko kote ni ubao mtupu. Nyingine zinaitika kwa urefu wa kiganja kizima. Chukua hiyo ya kiganja, hata kama ni mbaya wa sura, maana wikendi hakuna anayepiga kila mpira katikati kabisa.

Sikiliza mlio wa mpini pia. Ukisikia mtikisiko mkali ukipanda hadi mikononi, au kitu kama kokoto ndani, kiungio kina walakini. Mpini ni wa henzirani iliyogundishwa kwa tabaka pamoja na mpira, na huingia kwenye bati kwa umbo la V. Gundi ikiachia hapo, uzuri wote wa mwerebi hauna kazi.

Gonga bati tano au sita za gredi tofauti, ukiwa umefumba macho na rafiki akikupokeza. Nimefanya hivi na vijana wa timu yetu. Mara nyingi wanachagua ya bei ya kati, kisha wakifumbua macho wanaona aibu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana hapa kwetu, maana kilitokea Gymkhana. Tarehe 4 Oktoba 1996 Shahid Afridi wa Pakistan aliipiga Sri Lanka mikimbio mia kwa mipira 37, rekodi ya mechi za kimataifa za siku moja ambayo haikuvunjwa hadi Januari 1, 2014. Bati aliyoishika haikuwa yake. Ilikuwa ya Sachin Tendulkar wa India, ambaye alikuwa amempa Waqar Younis, mwenzake Afridi kwenye timu, aipeleke Sialkot, Pakistan, mafundi waiige. Afridi aliazimwa tu. Zingatia alichotaka Tendulkar: mafundi waige umbo na mizani ya bati ile, mkao wake mkononi. Hayo hayaandikwi kwenye kibandiko cha gredi.

Hatua ya 5: Uzito na ukubwa

Mtu mzima wa wastani atajisikia vizuri kati ya ratili 2 aunsi 7 na ratili 2 aunsi 12, yaani takriban gramu 1,100 hadi 1,250. Lakini mizani ya dukani inadanganya kwa namna yake: bati mbili za uzito mmoja, moja ikiwa na nyama nyingi chini karibu na ncha, itakulemea zaidi. Jaribu kwa mkono wa juu peke yake, yaani wa kushoto kwa anayepiga kulia. Inyoshe mbele usawa wa bega, hesabu hadi kumi na tano. Ukianza kutetemeka, ni nzito kwako, hata kama shujaa wako kwenye runinga anatumia nzito kuliko hiyo.

Wazazi, tafadhali msinunue "ya kukulia" kama sare ya shule. Bati kubwa humfundisha mtoto kupiga kwa kuvuka mstari wa mpira, na tabia hiyo kuitoa ni kazi ya miaka. Namba huanzia 0 au 1 hadi 6, kisha inakuja Harrow, saizi ya vijana, ndipo ya watu wazima ya mpini mfupi. Msimamishe mtoto akiwa na viatu vya kuchezea, bati imeegemea paja ndani ya mguu: mwisho wa mpini ufike kwenye kinena, usikivuke.

Kwa watu wazima, sheria za mchezo zinaweka mipaka: urefu usizidi sentimita 96.52, upana 10.8, unene 6.7 na ukingo 4.0. Bati za maduka ya kawaida ziko ndani ya mipaka hiyo. Anayeagiza ya kuchongewa maalumu ndiye apime. Na ubapa lazima uwe mbao. Hilo liliwekwa wazi baada ya Mwaustralia Dennis Lillee kuingia uwanjani Perth na bati ya alumini mnamo Desemba 1979.

Hatua ya 6: Mtumba na za kuagiza

Bati ya mtumba kutoka kwa mchezaji wa klabu ni biashara nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtu mwingine ameshafanya kazi ya kuilainisha. Nyufa nyembamba za juu juu usoni ni kawaida, zisikutishe. Angalia ncha, kama imevimba kwa maji. Angalia ufa unaotoka usoni ukapita hadi mgongoni. Kamata bega kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, pindisha kidogo: kisisikike kitu.

Ya kuagiza kutoka India au Uingereza, dai picha nne za bati ile ile utakayotumiwa: uso, mgongo, ukingo na ncha, na ikiwa juu ya mizani. Omba na video ya kuigonga. Piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla ya kutuma pesa, kwani bati ya bei nafuu huko inaweza kufika hapa ikiwa ghali kuliko ya dukani. Njia ya wengi wetu ni ya kale: kuna mtu wa klabu anasafiri kwenda Jalandhar au Meerut, kunakotengenezwa bati nyingi za India, unampa maelekezo. Usimwambie "niletee gredi wani." Mwambie uzito, namba, na kwamba aigonge.

Hatua ya 7: Mafuta na nyundo

Hapa ndipo bati nyingi za Nairobi zinapouawa, na wanaoziua ni wenyewe.

Nunua mafuta ya kitani mabichi. Kwenye duka la hadiwea yanaitwa linsidi. Sisitiza mabichi. Yale yaliyochemshwa ni ya maseremala, yana dawa ya kukausha haraka na hutengeneza ngozi ngumu juu ya mbao. Kijiko kimoja cha chai kinatosha uso, kingo na ncha. Paka kwa kitambaa, usiguse kiungio wala vibandiko, kisha ilaze chali, usiisimamishe, siku nzima. Rudia mara moja au mbili. Kama uso umefunikwa kwa karatasi angavu, paka sehemu zilizo wazi pekee.

Kisha nyundo. Kazi yote ni saa tano au sita, zigawe robo saa robo saa kwa wiki mbili tatu. Anza kwa kugonga kwa uzito wa kubisha hodi, ukiongeza nguvu polepole. Kingo zigongwe kwa pembe ya mshazari ili ziwe za mviringo, maana ndizo zinazopasuka kwanza. Usigonge ncha kwa chini moja kwa moja, wala mgongo. Wakaaji wa ghorofa wa South C na Pangani, fanyeni mchana. Jirani wa chini hatakuja kubisha kwa upole kama mnavyobisha bati.

Usiamini neno "tayari kuchezea" lililobandikwa kwenye plastiki. Hata hiyo iongezee saa moja au mbili. Halafu mpe rafiki akurushie mpira wa zamani, mipira ya pole. Ukiona alama za mshono zimechimbika usoni, rudi kwenye nyundo.

Hatua ya 8: Hali ya hewa yetu

Mwerebi umezaliwa kwenye unyevu, nasi tunauleta kwenye mji ulio juu ya mita 1,600, wenye Januari na Februari kavu za kukausha midomo. Bati iliyosahauliwa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani inapoteza maji yake, inakuwa nyepesi na yenye kuvunjika kama biskuti. Iweke ndani ya nyumba, mbali na dirisha la jua. Ukianza kuona uso umefifia, pitisha mafuta kidogo sana, nusu kijiko.

Masika shida inageuka. Nyasi zimelowa, ncha inanyonya maji inavimba. Bandika kinga ya mpira kwenye ncha kabla ya Machi, na bati ikilowa ifute, iache kivulini ikauke yenyewe. Nimeona kijana akiikausha kando ya jiko la makaa. Ilipasuka akiitazama.

Ufa mdogo wa ukingo ukitokea, usingoje. Ingiza gundi ya mbao, banisha usiku mzima, kisha funga tepu ya nyuzi mizunguko miwili mitatu, siyo zaidi, isije ikaongeza uzito. Ufa wa ncha hadi mgongoni mpelekee fundi. Ile bati ya mwenzangu yenye weusi wa kahawa sasa ina tepu sehemu tatu na mpini umebadilishwa mara moja. Jumapili iliyopita alinikatalia kuiazima.